Kifungo cha Tatu

Shati la kazi lilikuja limekunjwa pembe nne,
rangi ya jani lililokauka, harufu ya bohari,
na kifungo cha tatu hakipo.
Nilitia sahihi: shati moja, buti jozi moja, simu ya ramani moja.
Karatasi haikuwa na mstari wa kudai kifungo.

Bibi Yapkwobei hakunipongeza.
Alilishika kwa ncha za vidole,
kama mtu ashikavyo ngozi ya mnyama
asiyejua kama amekufa kweli.
Akashusha kikopo cha majani ya chai kutoka darini,
akatoa sindano, uzi,
na kifungo.
Matundu manne. Rangi ile ile.
"Kilibaki mkononi mwangu asubuhi ile.
Mimi nilivuta shati, mwenye shati akamvuta mamako,
nyumba ikawaka.
Nilipofumbua kiganja tuko bondeni,
hiki ndicho nilichoshuka nacho kutoka Mosop."
Akashona. Akakata uzi kwa jino lililobaki.
"Haya. Kirudi juu."

Hapa chini ya Kwosir tunaishi makao ya muda.
Nimezaliwa katika muda huo,
nimevunja ungo humo, nimefaulu mtihani humo,
na bado wanasema muda.
Mjomba Soyekwo alipata kifungo cha aina nyingine:
miezi sita, kwa ng'ombe watatu
waliofuata majani walikoyajua.
Alipotoka alinikuta nimevaa.
Hakusema neno. Aligeuza kigoda,
nikautazama mgongo wake mpaka moto ukazima.

Leo tumeipita mianzi, Woniala mbele na panga, mimi na simu.
Kazi yangu kuhesabu:
podo ngapi zenye miche chini yake,
loliondo ngapi zimechunwa gome,
kinyesi cha nyati, kibichi au kikavu.
Naipenda kazi hii. Niliseme hilo, hata kama mgongo ule utanisikia.
Naupenda mche wa podo ukiwa na majani sita,
mgumu, hautaki kusaidiwa.
Na nyuki wa korongo la pili, wakali mvua ikikaribia,
hao najua kuwapita bila kuulizwa jina.

Halafu upupu.
Upupu mrefu kunizidi, umesimama duara
katikati ya nyasi, kama waliopanga kukutana.
Bibi alisema: upupu hupenda palipokaa watu,
hunywa majivu, hunywa mkojo wa ndama,
haukubali kuhamishwa kwa barua.
Nikatanguliza buti.
Mafiga matatu.
Moja limelala ubavu.

Simu ikauliza: Aina ya uharibifu?
Mtego. Mkaa. Malisho. Nyingine.
Kidole kikabaki hewani.
Woniala, mtoto wa Mbale, mtu mwema,
akasema, "Weka Nyingine, twende, ukungu unashuka."
Kisha akaniona uso.
Akainama kufunga kamba za buti
zilizokuwa zimefungwa.

Niliinua figa lililolala.
Chini yake udongo mweusi, mkavu ajabu,
mvua za miaka yote hazikuupata.
Nikalisimamisha na wenzake.
Sikuwa na sufuria. Sikuwa na la kusema.

Nyingine, nikabonyeza. Eleza.
Nafasi ya herufi ishirini.
Nikaandika jina la bibi: tisa.
Kumi na moja zikabaki tupu,
nikaziacha hivyo hivyo.

Huku juu hakuna mtandao. Fomu itaondoka
tutakapofika barabarani, na huko Kampala
sijui nani ataisoma, wala atalitia jina lile
kwenye safu gani, pamoja na mitego, pamoja na mkaa.

Tulishuka kimya.
Upupu ulinipata mikono yote miwili, na shingo,
nikajikuna njia nzima;
hata kifuani, chini ya shati,
ambapo haukunigusa.